Mmarekani Anazipigania Vipi Nguo Alizozitupa?

Siku ya mzigo, soko la Kilombero hapa Arusha halina salamu ndefu. Belo la kilo 45 linashushwa kutoka begani, linatua chini kwa kishindo, mwenye mali anakata mikanda kwa kisu, na wanawake waliokuwa wakiulizana habari za nyumbani wanageuka mikono tu. Dakika chache baadaye lundo limekwisha: magauni yamekwenda huku, masweta ya watoto kule, jinzi zimeshakunjwa ndani ya mfuko wa mtu. Aliyechelewa anaokota kilichobaki, na kilichobaki ndicho kinachomtia hasara.

Mama mmoja ninayenunua kwake tangu nikiwa mwanafunzi aliniuliza swali mwaka 2018, nikiwa nimeinama nachagua mashati. "Mwanangu, wewe unayesoma magazeti, hebu niambie. Hizi nguo Mmarekani kazivua mwenyewe, kazitupa mwenyewe. Sisi tukisema hatuzitaki, yeye anakasirika nini?"

"Ni mambo ya biashara tu, mama," nikamjibu, nikalipa, nikaondoka. Lile halikuwa jibu la kumpa mtu mzima. Aliuliza swali ambalo ukilifuata mpaka mwisho linakueleza jinsi nchi inavyoamua nani awe rafiki yake, nani amwekee ngumu, na lini anyamaze. Hapa najaribu kumjibu inavyostahili.

Kisa kilianzia mjini kwetu. Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, katika kikao kile kile kilichoipokea Sudan Kusini, wakaafikiana kwamba nchi wanachama zijenge viwanda vyao vya nguo na viatu, na mitumba iondoke sokoni ndani ya miaka mitatu. Hoja yao ilikuwa na mashiko. Arusha ilikuwa na Kiltex, Dar es Salaam ilikuwa na Urafiki, Mwanza ilikuwa na Mwatex. Pamba inalimwa Kanda ya Ziwa mpaka leo, lakini sehemu kubwa inavuka bahari ikiwa ghafi, kisha sisi tunanunua nguo zilizovaliwa na wengine. Ushuru wa mitumba ukapandishwa. Rwanda ilikwenda mbali zaidi ya wote: ikatoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50.

Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu nchini Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama SMART, kikapeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi yao. Kilidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Fimbo waliyoishika ilikuwa AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingia Marekani bila ushuru. Sheria ile ina masharti, na mojawapo ni kwamba nchi inayofaidika iwe inaondoa vizuizi kwa biashara ya Wamarekani. Serikali ya Marekani ikatangaza kuzichunguza Tanzania, Uganda na Rwanda.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Nguo ikishatumbukizwa kwenye sanduku la misaada kule Marekani, inabadilisha mmiliki, basi. Duka la hisani linauza kiasi kidogo, nyingi zinazosalia zinauzwa kwa uzito kwa kampuni za kuchambua, zinapangwa kwa madaraja, zinashindiliwa kwa mashine, zinafungwa mikanda, zinapakiwa kwenye makontena. Kila hatua ina mtu anayelipwa. Kwa hiyo, mama, aliyekasirika si yule aliyevua shati. Huyo hajui hata kama Arusha ipo. Aliyekasirika ni yule aliyelinunua kwa kilo akitegemea kukuuzia wewe.

Nikazie hapa, kwa sababu ndipo fundo lilipo. Tunaposema "Marekani inataka" au "Kenya imekataa", tunaongea kana kwamba nchi ni mtu mmoja mwenye tumbo moja. Nchi ni watu wengi wenye matumbo mengi, na sera ya nje mara nyingi hufuata tumbo lililopiga kelele mahali panaposikika.

Kwetu mlimani Kilimanjaro, upande wa Kibosho, maji ya shamba yanapita kwenye mfongo, yaani mfereji wa ukoo, na mfongo una zamu zake na vikao vyake. Ukoo mzima unasema mfongo ni wetu sote. Lakini mwenye duka barabarani haji kikaoni, na mwenye mtoto anayemtumia fedha kutoka mjini huja akikumbuka. Anayekuja kila mara, tena mapema, ni yule ambaye mboga zake zitanyauka zamu moja ikirukwa. Wako wachache, na hao ndio wanaopanga zamu. Hakuna aliyeiba chochote. Wengine hawakuwepo tu.

Ndivyo ilivyokuwa Washington. Wamarekani ni zaidi ya milioni 300, na nina hakika karibu wote hawakuwahi kusikia kwamba nchi yao ilikuwa na mgogoro na Afrika Mashariki juu ya fulana zilizochakaa. Wachache ambao riziki yao ilikuwa ndani ya yale mabelo walikuja kikaoni mapema. Faida iliyokusanyika kwa watu wachache ina nguvu kuliko hasara iliyotawanyika kwa watu wengi, kwa sababu mchache mwenye mengi ya kupoteza atalipia nauli, ataajiri wakili na ataandika barua, wakati wengi wenye hasara ya senti mbilimbili watalalamika kwenye daladala na kushuka kituo kinachofuata.

Na huku kwetu je? Wenye kuuza na kuvaa mitumba walikuwa mamilioni, ila kwenye kikao cha 2016 hawakuwa na kiti. Yule mama wa Kilombero angeweza kutembea kwa miguu hadi makao makuu ya Jumuiya na kurudi kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyemwita. Mimi naunga mkono viwanda vyetu kwa moyo wote, lakini nasema wazi kwamba uamuzi wa kumwondolea mtu biashara yake bila kumuuliza una mguu mmoja, na uamuzi wa mguu mmoja husukumwa ukaanguka.

Ulianguka hivi. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza mwanzoni mwa 2018. Rwanda ikagoma, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA.

Watu wengi husema Rwanda ilikuwa jasiri na sisi wengine tulikuwa waoga. Ujasiri ulikuwepo, sikatai, ila tuangalie pia bei yake. Rwanda ilikuwa ikiuza nguo kidogo sana Marekani, kwa hiyo adhabu ilichanja ngozi tu. Kenya ina viwanda vya kushona kwa ajili ya soko la Marekani, Athi River na kwingineko, vyenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Kugoma kungemaanisha kufunga milango ile. Siku moja, pale pale Kilombero, mama alinionyesha fulana aliyoitoa kwenye belo. Ndani ya kola, kwenye kitambulisho kilichofifia, ilisomeka kwamba imeshonwa Kenya. Ilishonwa upande wa pili wa Namanga, ikapelekwa Marekani bila ushuru, ikavaliwa, ikatupwa, ikauzwa kwa kilo, ikavuka bahari mara ya pili na kutua Arusha. Alikuwa anaiuza shilingi 4,000. Msimamo wa Kenya mwaka ule ulikuwa umeandikwa kwenye kola ya fulana ile.

Meza moja, viti tofauti

Ukitaka kuona vizuri zaidi jinsi nchi jirani zenye bendera ya Jumuiya moja zinavyovutwa huku na huku na biashara zao, angalia maua.

Kwa miaka mingi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijadiliana na Umoja wa Ulaya kuhusu Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, maarufu kama EPA. Mazungumzo yalikamilika Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba 2016. Tanzania ikakataa, na kwa kuwa mkataba ulitaka Jumuiya iingie kwa pamoja, ukakwama.

Magazeti ya Nairobi yalituona wakaidi, nasi tukawaona wao wanajiuza. Ukweli ulikuwa kwenye karatasi moja ya uainishaji. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimeorodheshwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, na Ulaya hupokea bidhaa za nchi hizo bila ushuru wala kiwango, isipokuwa silaha, hata bila mkataba wowote. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Bila mkataba, waridi la Naivasha linatozwa ushuru, na mwishoni mwa 2014 lilitozwa kweli kwa miezi kadhaa, Wakenya wakaona uchungu wake. Sisi tulikuwa tunaombwa tufungue soko letu kwa bidhaa za viwanda vya Ulaya ili tupate kitu tulichokuwa nacho tayari. Kwa hesabu hiyo, kukataa kwetu kulikuwa na akili, na kusaini kwao kulikuwa na akili vilevile. Desemba 2023 Kenya ikasaini mkataba wake peke yake na Ulaya, ukaanza kazi Julai 2024.

Niongeze kitu ambacho watu wa hapa wanakijua na wa kwingine hawakijui. Maua na mboga za mashamba ya Arusha, kiasi kikubwa kimekuwa kikipita Namanga kwenda kupanda ndege Nairobi. Kwa hiyo mkulima wa Arusha alikuwa anapanda ndege ya jirani huku serikali yake ikibishana na jirani huyo kuhusu mkataba wa kule ndege inakotua. Katika mvutano ule sikusikia sauti yake.

Namanga yenyewe ni darasa. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto pale mpakani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia ugonjwa wa mafua ya ndege. Katika kipindi hicho hicho ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikamatwa upande wetu na kupigwa mnada. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu ni tatizo la kweli, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo simdharau anayeipima. Ila afya na biashara hupanda gari moja, na abiria anayeonekana dirishani si lazima awe ndiye aliyelipa nauli. Mkulima wa Kenya hupumua mahindi ya nje yanapozuiwa. Msagishaji na mlaji wa ugali wa Nairobi huumia. Siku chache baadaye Kenya ikalegeza kwa masharti ya vyeti, na Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, mahindi yakawa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Katika nchi isiyovuna mahindi ya kujitosheleza, mlaji wa ugali ana sauti kubwa hata asipofungua mdomo.

Aprili 2025 tukaishika fimbo sisi. Afrika Kusini ilikuwa ikizuia ndizi zetu kwa miaka, na Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, ndizi, tangawizi na mahindi kutoka nje. Tanzania ikatangaza kuzuia mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili. Kwa Afrika Kusini, ilimaanisha matofaa, yale mekundu yanayong'arishwa kwa kitambaa kwenye mikokoteni ya Arusha. Kwa Malawi ilikuwa zito zaidi, kwa kuwa nchi isiyo na bahari inahitaji barabara na bandari za jirani. Haikufika hata wiki mbili, pande zote zikawa zinazungumza na zuio likaondolewa. Nguvu katika mahusiano ya nchi ina kipimo kimoja ambacho hakidanganyi sana: biashara ikisimama leo, nani atalia kwanza?

Mataifa makubwa yanapimwa kwa mizani ile ile. Ujerumani ilikuwa ikinunua zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi kabla ya vita ya Ukraine ya 2022, na kwa miaka mingi ilikuwa mpole kwa Moscow kuliko majirani zake wa Poland, ikiitetea miradi ya mabomba ya Nord Stream kwamba ni biashara tu. Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kulaani uvamizi ule, nchi 35 hazikuegemea upande wowote, Tanzania ikiwemo, wakati Kenya ililaani. Sababu za kila nchi zilichanganyika, historia ya ukombozi na ya kutofungamana ikiwemo, na sitaki kuzifunga zote kwenye gunia moja la ngano na mbolea za Urusi. Lakini gunia lilikuwepo chumbani.

Kahawa na hofu

Mpaka hapa ungeweza kudhani kwamba fedha huongoza na siasa hufuata. Kahawa ya Kilimanjaro inatufundisha kwamba mkondo hugeuka.

Mwaka 1962 nchi zinazolima kahawa na nchi zinazoinywa zilifikia Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Kila nchi mkulima iligawiwa kiwango cha kuuza, ili kahawa isimwagike sokoni na bei isiporomoke. Ajabu ni kwamba Marekani, mnywaji mkubwa kuliko wote duniani, ilikubali. Kwa nini mnunuzi akubali mpango wa kumpandishia bei? Kwa sababu Cuba ilikuwa imepinduka mwaka 1959, na Washington iliogopa kwamba wakulima maskini wa Brazil, Colombia na nchi za Amerika ya Kati wangeufuata ukomunisti. Kikombe cha kahawa kikawa kinalipia kidogo kidogo gharama ya hofu.

Katika mpango ule hakuna aliyeufikiria mlima wetu. Lakini maji yakijaa bwawani, hata mfereji wa pembeni hupata. KNCU, ushirika uliozaliwa mwaka 1933, ulikuwa unauza, wazee wakapeleka watoto shule, wakaezeka mabati. Babu yangu alikuwa akisema nyumba yake ina miguu minne na yote ni mibuni.

Kisha hofu ikaisha. Kufikia 1989 vita baridi ilikuwa inapoa, Marekani haikuona tena sababu ya kulipia kahawa zaidi, wazalishaji wenyewe wakawa hawasikilizani, na Julai mwaka huo mfumo wa viwango ukavunjika. Ndani ya miezi michache bei ya dunia ilishuka kwa karibu nusu. Ukuta wa Berlin uliangushwa Novemba, dunia ikashangilia, nasi tulikuwa na haki ya kushangilia. Kwenye vihamba, yale mashamba yetu ya nyumbani mlimani, katika miaka iliyofuata, watu waliacha kupalilia mibuni, wengine wakaing'oa wakapanda ndizi, mahindi na nyanya. Mtu wa Kibosho aliyeuliza kahawa imepatwa na nini aliambiwa ni soko. Soko lilikuwepo, kweli, ila lilikuwa limeondolewa mkono uliokuwa ukilishikilia, na mkono ule uliwekwa na kuondolewa na wanasiasa wa mbali kwa sababu zisizomhusu.

Kuna nyakati pia nchi hulipa gharama ikijua inalipa. Mwaka 1965 ni mfano wetu mkubwa. Baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi haikutaka Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya kibalozi Zanzibar, ikaondoa msaada wake wa kijeshi ili kutushinikiza. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na misaada mingine yote. Desemba mwaka huo huo, baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao, Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kama nchi za Afrika zilivyokuwa zimeazimia, ingawa nyingi hazikutekeleza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa nchi changa zilikuwa fedha za kuumiza. Hapa hesabu ya faida na hasara haitoshi kueleza; watu wale waliamini jambo. Ila tazama kilichofuata: mwishoni mwa Januari 1967, katika mji huu huu, likapitishwa Azimio la Arusha lililosema wazi kwamba kutegemea fedha za nje ni kuhatarisha uhuru. Walikuwa wameshaonja.

Wakati huo Zambia ilihitaji kutoa shaba yake bila kupita kwa walowezi, na nchi za Magharibi zilikuwa zimeukataa mradi wa reli. China ikajenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba. Huo ulikuwa udugu, na sioni aibu kuuita hivyo. Ulikuwa pia na matunda: Oktoba 1971 kura za nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele kupitia balozi wetu kule, Salim Ahmed Salim, zilisaidia kuiweka Beijing kwenye kiti cha China cha Umoja wa Mataifa. Leo shaba ile ile, ambayo sasa inatafutwa kwa ajili ya magari ya umeme, ina wachumba wawili. China imesaini makubaliano na Tanzania na Zambia ya kuifufua TAZARA, na Marekani inaisaidia reli ya Lobito inayotokea Angola upande wa Atlantiki. Mlima wa shaba haujasogea hata hatua moja tangu enzi za Mwalimu. Reli ndizo zinazogombania uelekeo wake.

Tangu 2001 sera yetu ya mambo ya nje imejengwa juu ya diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lililozinduliwa Mei 2025 limeendeleza njia hiyo. Maana yake kwa lugha ya sokoni ni kwamba balozi anatarajiwa arudi na wawekezaji, watalii na masoko, si hotuba peke yake. Naiona ni hatua njema. Arusha inaishi kwa watalii na inaona tofauti balozi mmoja akifanya kazi yake. Wasiwasi wangu uko kwenye maneno mawili yanayorudiwa kila mahali, "maslahi ya taifa". Yakitamkwa, kila mtu huinamisha kichwa kama kwenye sala. Mimi nataka nisikie yakitajwa kwa majina: ni maslahi ya mwenye kiwanda cha nguo au ya muuza mitumba? Ya msafirishaji wa mahindi wa Namanga, au ya mtu wa Moshi anayeogopa unga utapanda? Yote ni ya taifa, na mara nyingi hayawezi kushinda kwa pamoja. Kuchagua ni kazi halali ya serikali. Kuchagua bila kusema nani atalipa ndiko kunakonikera.

Msimu uliopita nilikwenda Kibosho kumsalimia shangazi. Nilimkuta kihambani na kijana aliyetumwa na chama cha msingi, ameshika simu, anazunguka chini ya migomba. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kahawa itakayoingia kwao isiwe imetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Kuanza kwake kumesogezwa zaidi ya mara moja, maana huko nako wenye kelele wapo. Shamba dogo kama la shangazi linahitaji nukta moja tu kwenye ramani.

Kihamba kile kilikuwa na mibuni kabla Umoja huo haujazaliwa. Shangazi alimwangalia kijana kwa muda, mikono nyuma, halafu akamuuliza kwa upole:

"Mwanangu, hao wakishajua shamba langu lilipo, bei watapandisha?"

"Hilo sijaambiwa, bibi."

"Na ukienda huko walikokutuma, utawaambia nimeuliza?"

Kijana akasema atawaambia. Kisha akaomba radhi, akasogea hatua mbili mpaka mahali ambapo majani ya migomba yalikuwa yameachana, akainua simu juu na kusubiri ipate anga.